Kuipeleka Familia Unguja kwa Siku Nne: Mwongozo kwa Anayeanza

Kila likizo za Juni na Desemba zinapokaribia, simu yangu inajaa maswali yaleyale. Boti inachukua muda gani? Mtoto anasafiri na karatasi gani? Mama mwenye magoti mabovu ataweza kupanda? Na lile linaloulizwa kwa uchungu na waliokwisha kwenda: mbona tulilipia hoteli ya ufukweni, tukaamka asubuhi na kukuta bahari imekwenda zake? Nimejibu mmoja mmoja kwa miaka kadhaa. Sasa nayaandika yote mahali pamoja.

Mwongozo huu ni wa familia inayotoka Dar es Salaam kwenda Unguja kwa siku nne, usiku tatu, ikiwa na mzee mmoja na watoto. Kama unatoka Mwanza, Mbeya au Arusha, ongeza siku moja ya kulala Dar. Usithubutu kushuka kwenye basi alfajiri na kuunganisha boti asubuhi hiyohiyo ukiwa na watoto.

Nianze na kosa langu. Safari yetu ya kwanza niliandika orodha ya sehemu tisa za kutembelea, na tukafanikiwa kufika saba. Mama yangu, ambaye ndiye niliyekuwa nikimwandalia safari yenyewe, alichokiona zaidi ni kiti cha mbele cha gari. Siku ya tatu asubuhi aliniambia kwa upole, "Mwanangu, nendeni tu. Mimi niacheni hapa barazani." Nilikosa la kumjibu. Tangu siku ile napanga safari kwa mwendo wa yule anayechoka haraka kuliko wote, na hatua zote utakazosoma hapa zimetokana na hilo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kitambulisho cha kila mtu mzima: cha taifa au pasipoti. Jina la kwenye tiketi lifanane na la kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi.
- Cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto. Ndicho kinachothibitisha umri wake unapodai nauli ya mtoto.
- Dawa za kila siku za mzee, za siku saba hata kama safari ni ya siku nne, pamoja na kadi ya bima ya afya. Zikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe zisiingie kwenye begi kubwa.
- Dawa ya kichefuchefu, tangawizi, ndimu mbili tatu na mifuko ya karatasi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Bara tangu Juni 2019, na Zanzibar walitutangulia kwa miaka mingi.
- Viatu vya mpira vya kuingia navyo majini, kwa kila mtu. Nitaeleza sababu kwenye hatua ya bahari.
- Khanga au kikoi tatu. Khanga moja ni shuka, taulo, pazia la gari na mbeleko ya mtoto aliyesinzia njiani.
- Nguo za kufunika mabega na magoti kwa ajili ya mjini na vijijini. Nguo za kuogelea zinaishia ufukweni.
- Fedha taslimu za shilingi. Mashine za kutolea fedha ziko mjini, lakini vijiji vingi vya pwani havina.

Kama kuna ndugu anayekuja kutoka Ulaya au Marekani na ana pasipoti ya huko, mkumbushe mapema: tangu Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar anatakiwa kuwa na bima ya safari ya Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Inalipiwa mtandaoni. Ni bora ailipie akiwa bado kwake kuliko kuja kuhangaika nayo mlangoni.

Hatua ya 1: Kila mtu ataje jambo moja

Kaeni chini wote, mzee na watoto, na kila mmoja ataje jambo moja tu analolitaka. Lisiwe lazima jina la mahali. Mtoto wangu wa miaka sita alitaka kumshika kobe mkubwa. Wifi yangu alitaka asubuhi moja ya kutopika wala kumwogesha mtu. Kijana wa miaka kumi na minne alisema hajui, nikamkabidhi kazi ya kupiga picha za safari nzima. Andikeni kwenye karatasi moja. Watu sita, mambo sita, siku nne: hiyo ndiyo ratiba yenu. Kitakachopatikana zaidi ya hapo ni nyongeza.

Tahadhari: mzee akiulizwa mbele ya watu atasema "chochote tu, mwanangu". Usilikubali jibu hilo. Mfuate jioni mkiwa wawili, mwulize amewahi kusikia nini kuhusu Unguja. Ndivyo nilivyojua kwamba mama alikuwa na hamu ya kula pweza wa nazi akiwa amekaa anaitazama bahari. Alikuwa nayo miaka yote hiyo na hakuna aliyemwuliza.

Hatua ya 2: Chagua tarehe kwa upepo na kwa mwezi

Watu wengi huchagua tarehe kwa kalenda ya shule peke yake. Shule huna namna, lakini ndani ya likizo hiyo zipo wiki nzuri na wiki mbaya.

Upepo kwanza. Masika, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, mvua ni nyingi na hoteli ni rahisi. Kama mna watoto wadogo, achaneni nayo. Juni hadi Septemba ni wakati wa kusi: jua zuri, joto la wastani, bahari imechafuka. Desemba hadi Februari unavuma kaskazi, joto ni kali.

Kusi hutoka kusini, kwa hiyo mkienda Unguja mawimbi yanawasukuma kwa nyuma, na mkirudi Dar boti inayakata kwa mbele. Ndiyo maana watu husema "tulienda vizuri, tukarudi tunatapika". Wakati wa kaskazi mambo hugeuka. Kwa misimu yote miwili boti ya asubuhi huwa tulivu kuliko ya alasiri, kwa sababu upepo huongezeka jua linavyopanda.

Sasa mwezi, na hapa ndipo watu wa bara tunapokosea. Maji ya bahari hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku, takribani saa sita kutoka kujaa hadi kukupwa, na kila siku muda huo unasogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na kukupwa sana. Katikati ya vipindi hivyo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo tu. Unguja siku za bamvua maji hukupwa kama saa 4 asubuhi na kujaa kama saa 10 alasiri. Siku za maji mafu ni kinyume chake.

Ukiwa na kalenda ya Kiislamu ukutani huhitaji zaidi. Bamvua huwa karibu na tarehe 1 na 15 za mwezi mwandamo, maji mafu karibu na tarehe 8 na 22. Mwenye watoto wanaotaka kuogelea asubuhi atafute maji mafu. Anayependa kutembea kwenye mchanga mtupu kuangalia konde za mwani na kuogelea alasiri aende na bamvua. Zote ni siku nzuri, mradi ujue unakwenda kukuta nini.

Hatua ya 3: Changeni bila kutangazana

Gawa bajeti mafungu matano: boti, malazi, gari, chakula na akiba. Akiba isipungue sehemu moja ya kumi, na isiguswe kwa zawadi.

Kama ndugu kadhaa wanachanga, viwango vijulikane kwa mweka hazina na kwa mtu mmoja wa pili. Basi. Usiweke orodha ya nani katoa kiasi gani kwenye kundi la WhatsApp la familia. Nimeona shemeji mmoja akijitoa kwenye safari asubuhi ya kuondoka kwa sababu jina lake lilikaa mwisho wa orodha. Aliyetoa kidogo apewe kazi inayoonekana, kama kushika tiketi au kusimamia watoto majini, naye atasafiri kifua mbele.

Anzeni miezi minne kabla. Kibubu cha watoto nacho kihesabiwe, hata kama kimetoa shilingi elfu nane. Kwetu ndicho kilicholipia miwa ya Forodhani, bustani ya mjini iliyo kando ya bahari, na mwenye kibubu alihakikisha kila mtu anajua.

Hatua ya 4: Lala mahali pamoja

Kosa kubwa ni kulala usiku mmoja mjini, mmoja Paje, mmoja Nungwi. Kila kuhama kunakula nusu siku: kufungasha, kusubiri gari, kusubiri chumba, mtoto kuanza upya kuogopa giza la mahali pageni. Chagueni mjini au pwani, mkae hapo. Kutoka mjini hadi Paje ni kama kilomita 50, na Nungwi kama 60. Ni safari ya gari ya saa moja na ushee, mnaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Mimi nikiwa na mama hulala pwani, kwa sababu ya baraza na hewa.

Piga simu kabla ya kulipa, na uliza haya manne: Kuna chumba cha chini? Nyumba za Mji Mkongwe zina ngazi za mbao zilizosimama wima. Gari linafika mlangoni? Vichochoro vingi vya Mji Mkongwe havipitishi gari, na mzee atatembea. Umeme ukikatika kuna jenereta? Bei ya mkaazi ni ngapi? Usipoitaja bei ya mkaazi, mara nyingi utatajiwa ya mgeni.

Hatua ya 5: Kata tiketi mwenyewe

Boti za mwendo kasi zinaondokea bandarini Dar es Salaam, mbele ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu, na huchukua takribani saa mbili hadi bandari ya Malindi, Unguja. Nunua tiketi mtandaoni au dirishani kwa kampuni yenyewe. Watu watakaokukimbilia nje ya geti wakikuambia nafasi zimeisha, wapite kwa salamu. Usimpe mtu kitambulisho chako wala fedha barabarani.

Wakati wa likizo kata ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja. Watu hupata ya kwenda, wakakwama Unguja na watoto ambao shule inafunguliwa Jumatatu.

Kuna mtego wa saa ambao umewaacha wengi gatini. Tiketi huandikwa kwa saa za kimataifa. 07:00 ni saa 1 asubuhi. 12:30 ni saa 6 na nusu mchana. 16:00 ni saa 10 jioni. Ukimwambia bibi "boti ni ya saba", atakuja saa 7 mchana akiwa amevaa vizuri na hajakosea chochote. Watumie watu wako saa ya Kiswahili, imeandikwa kwa maneno.

Hatua ya 6: Siku ya boti

Fikeni bandarini saa moja na nusu kabla. Gawaneni kazi tangu nyumbani: mmoja na mzee, mmoja na mizigo, mmoja na watoto. Baba asishike vyote halafu ageuke mkali getini.

Asubuhi kuleni kidogo na kikavu: mkate, kiazi cha kuchemsha, chai ya tangawizi isiyo na maziwa. Tumbo tupu linachafua roho sawasawa na tumbo lililojaa supu. Dawa ya kichefuchefu inywewe nusu saa hadi saa moja kabla ya kuondoka, na kipimo cha mtoto kiulizwe duka la dawa. Usikate kidonge cha mtu mzima kwa kukisia.

Mkiingia, kaeni chini, katikati au nyuma. Mbele na juu ndiko boti inakorushwa zaidi. Wanaojisikia vibaya waangalie upeo wa bahari, wasiangalie simu. Mtoto anayetazama katuni kwenye mawimbi ya kusi ndiye wa kwanza kutapika, naye atawaamsha wenzake.

Kwa mzee, omba msaada wa wafanyakazi wa boti kwenye daraja la kupandia. Ukimtumia mchukuzi wa mizigo, elewaneni bei kabla begi halijapanda kichwani.

Hatua ya 7: Siku ya kwanza msifanye kitu

Mkishuka Malindi mtakutana na papasi, vijana wanaotafuta wateja wa hoteli na magari. Sema "ahsante, tuna mwenyeji" na uendelee kutembea. Gari liwe limeagizwa na hoteli, na bei ijulikane tangu jana yake.

Kisha kula, oga, lala. Ndiyo, mchana kweupe. Najua umelipa fedha nyingi na unaona muda unapotea. Mzee amekaa saa nne kwenye mwendo na mtoto ameamshwa alfajiri. Ukiwaburuza leo, siku ya tatu utalipa. Kama mmefikia mjini, jioni nendeni Forodhani kabla ya magharibi, jua likizama upande wa bahari. Waliolala pwani waiache Forodhani kwa siku ya mjini. Watoto wa mjini huruka majini kutoka ukutani kwa mitindo ya kila aina, na wanenu watasimama hapo midomo wazi kwa saa nzima bila kuomba chochote. Mzee apate kiti. Taa za wauza chakula zikiwaka, ulizeni bei kabla ya kuonyesha kidole, na mle kinachotoka motoni mbele yenu. Samaki aliyepangwa tangu alasiri mwacheni. Kwa tumbo lililotoka kwenye boti, bakuli la urojo linafaa zaidi ya mishikaki.

Hatua ya 8: Siku ya pili, mji na viungo

Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na unaweza kuuzunguka wiki nzima. Nyinyi mna saa mbili na nusu, kuanzia saa 2 asubuhi kabla kuta hazijapata moto. Chagueni sehemu mbili. Jumba la Maajabu, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake Desemba 2020, kwa hiyo litazameni kwa nje tu.

Kama mna watoto wa miaka kumi na kuendelea, wapelekeni Mkunazini, kwenye Kanisa Kuu la Anglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Waelezeni kabla ya kuingia, kwa maneno yenu wenyewe, wala msiachie kila kitu kwa mtembezaji. Msiunganishe na sehemu nyingine asubuhi hiyo. Wakitoka wapeni muda wa kuuliza. Binti yangu aliuliza swali lake usiku, taa zikiwa zimezimwa, na tulizungumza mpaka saa 5.

Mzee asitembee kutwa. Mbele ya nyumba nyingi kuna baraza za mawe. Amkia waliokaa, omba ruhusa, mkalishe. Nilimwacha mama kwenye baraza moja kwa dakika 40, nikamkuta ana kikombe cha kahawa, kashata mkononi, na anajua idadi ya wajukuu wa jirani yake. Muda uleule sisi tulikuwa sokoni Darajani tukisukumana na watu.

Anayetaka kobe aende kisiwa cha Changuu asubuhi hii badala ya mji. Ni mashua ya kama nusu saa, na kobe wenyewe, ambao asili yao ni Shelisheli, ni wakubwa kiasi cha kumtisha mtoto dakika ya kwanza. Kupanda mashua mara nyingi ni kwa kuingia majini mpaka magotini, kwa hiyo mzee abaki. Familia kugawanyika nusu siku hakuna ubaya, mtakuwa na la kusimuliana mezani.

Alasiri, nendeni shamba la viungo, Kizimbani au Kidichi. Hapa naomba ufanye jambo moja: mwambie mtembezaji, kwa heshima, kwamba mzee wenu atatangulia kujibu. Mwenyeji akichuma jani na kuuliza "hiki nini?", watoto wamgeukie bibi. Mama yangu alitambua mchaichai, manjano, iliki na mdalasini kwa kunusa tu akiwa amefumba macho, akaeleza ni kipi alichotuchemshia tulipokuwa na surua. Wanangu walikuwa wakimjua kama bibi wa kukaa kwenye kochi. Siku ile walimfuata mti hadi mti.

Hatua ya 9: Siku ya tatu, bahari peke yake

Siku hii isiwe na kitu kingine. Jioni ya kuamkia siku hii muulize mwenyeji, "Kesho maji yanajaa saa ngapi?" Kila mtu wa pwani anajua.

Pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, maji yakikupwa yanaondoka mbali sana na kuacha mchanga, vidimbwi na konde za mwani za kina mama. Watoto watafurahi huko kuliko kwenye bwawa la hoteli. Vaeni viatu, kwa sababu kuna viumbe weusi wa duara wenye miba kama sindano wanaojificha kwenye mawe. Msikanyage kamba za mwani, ni riziki ya mtu. Msiwapige picha wanaolima bila kuwaomba.

Onyo ambalo sitalipunguza: maji yakianza kurudi, hujaza kwanza mikondo iliyo kati yenu na ufukwe. Mtoto aliyesimama kwenye tuta la mchanga anaweza kujikuta amezungukwa, na ardhi aliyosimama bado ni kavu. Mwenyeji akisema maji yanageuka, rudini wakati huohuo. Awepo mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kuhesabu vichwa, bila simu, na apokewe kila nusu saa.

Mkitaka kuogelea muda wowote wa siku, nendeni Nungwi au Kendwa, ambako maji hayaendi mbali.

Mchana jua likiwa kali, rudini kivulini. Hapo ndipo pweza wa nazi wa mama alipokuja, kwenye sahani ya bati, na bahari mbele yake. Alikula taratibu. Hakuna aliyemharakisha.

Hatua ya 10: Kapu la simu

Weka kapu mezani. Kuanzia adhana ya magharibi mpaka baada ya chakula, simu zote zinaingia humo, za watu wazima zikitangulia. Ukimnyang'anya kijana simu huku yako iko mkononi, umepoteza.

Iache simu moja tu, ya kurekodi sauti, iliyofunikwa na khanga isimshtue mtu. Muulize mzee maswali yenye jibu refu: Safari yako ya kwanza ulikwenda wapi, na nani? Nani alikufundisha kupika? Baba alikuwaje alipokuwa na umri wa huyu mtoto? Kisha nyamaza. Kimya cha mzee si mwisho wa jibu, anatafuta tu pa kuanzia. Ninazo dakika 50 za sauti ya mama akisimulia alivyopanda treni ya Reli ya Kati akiwa mjamzito, na ndicho kitu nilichokihifadhi kwa uangalifu kuliko picha zote.

Hatua ya 11: Kurudi

Fungasheni usiku wa kuamkia. Nguo mbichi zikae peke yake. Viungo nunueni Darajani, mjini, siku ya pili, msingoje bandarini. Kama ni msimu wa kusi, rudieni Hatua ya 6 kwa uangalifu mara mbili, maana mnakwenda kukata mawimbi.

Mambo yakiharibika

*Mtoto anatapika.* Mpe maji kidogo kidogo, anuse ndimu, mlaze kichwa kwenye paja lako macho yamefumbwa. Usimlazimishe kula.

*Boti imeahirishwa kwa sababu ya upepo.* Shukuru, usigombane. Hiyo ndiyo kazi ya akiba: usiku mmoja wa ziada kwa familia nzima. Pigia shule na kazini mara moja.

*Mtu amechomwa na miba baharini.* Toa inayoonekana kwa kibano, loweka mguu kwenye maji ya moto anayoyavumilia, jaribu kwa mkono wako kwanza. Ikiwa mwiba umeingia ndani sana au kwenye kiungo cha mwili, nenda kituo cha afya.

*Mmefika mwezi wa Ramadhani.* Inawezekana kabisa, lakini msile wala kunywa hadharani mchana, na baadhi ya migahawa hufungwa. Watoto wadogo wale chumbani. Usiku wake ni mzuri sana.

*Kijana amenuna.* Mpe kazi ya kweli: ajue muda wa maji, aelewane na dereva, ashike bajeti ya chakula cha siku moja. Usimhubirie.

*Mzee anasema mumwache.* Usimlazimishe, na msimwache peke yake pia. Mmoja abaki naye, kwa zamu, na anayebaki asionekane anaadhibiwa.

*Mvua imenyesha kutwa.* Ilitupata safari ya tatu, Jambiani, siku ileile ya bahari. Mwenyeji wetu alikuwa barazani anasuka ukili wa mkeka. Mama akaomba miyaa, majani ya kusukia, akakaa naye, vidole vyake vikakumbuka. Baadaye binti yangu akasogea, halafu yule wa miaka sita, halafu kijana wa miaka kumi na minne ambaye hakuna aliyemwita. Wifi akaleta chai. Mvua ilikatika saa 10, maji yakiwa yamejaa, bahari iko hatua thelathini kutoka pale tulipokaa. Hakuna aliyeinuka.